Mchunga Mbuzi wa Firq

Nasra mwanangu,

Salamu zangu umezipata asubuhi kwenye chai, na jioni utazipata tena mezani, kwa hiyo hapa sizirudii. Nakuandikia nikiwa karakana, Firq. Leo Ijumaa, pamefungwa, na mama yako nimemwambia nakuja kutafuta mkanda wa kufungia sanduku lako. Mkanda uko ndani ya gari tangu jana. Nilitaka mahali ambapo hapana mtu wa kunitazama usoni.

Mambo ya safari nimewaachia wenyewe. Mama yako ameshakutilia dawa za kichwa na za tumbo, na lile koti ambalo sanduku halitafunga hata mkilikalia wawili. Shangazi yako Zuwena amekuja kutoka Aija na papa mkavu, amemfunga kwa mifuko mitatu, na nyumba nzima inajua kuwa forodha ya Australia watamtupa. Papa, si shangazi. Ya swala, ya chakula, ya kupiga simu kila siku, hayo yote yamesemwa mpaka umeanza kujifanya umelala. Mie nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka tisa.

Unakumbuka mwezi wa saba ulipokuja na barua ya hospitali? Uliiomba Jumapili, ukaipata Jumatatu. Imeandikwa kuwa wewe ni muuguzi, miaka mingapi umefanya, saa ngapi kwa wiki, wodi gani, kazi gani kwa mikono yako, na chini sahihi na muhuri. Ukaiweka mbele yangu ukasema, “Baba, shuf, tazama! Siku moja tu, khalas!” Nikaisoma mara mbili, nikainuka, nikatoka nje nikaenda kukaa garini. Ukanifuata kuniuliza kuna nini, nikakwambia nimeona joto. Nimetoka kwenye kiyoyozi, nimeingia kwenye gari lililochomwa na jua tangu asubuhi, kisha nakwambia nimekimbia joto. Ulinitazama kwa namna ambayo wauguzi huwatazama wazee, ukanipima presha. Presha haikuwa na neno. Ilikuwa aibu.

Barua kama ile niliwahi kuombwa mie. Aliyeniomba ni Athumani.

Najua ukisikia jina hilo utakunja uso. Fundi Athumani wa Korogwe, aliyekuwa akisimama hapa nilipokaa, kwenye hii mashine ya kijani ya kukereza vyuma. Nilikuwa nikikuchukua skuli kila Alhamisi nakupitisha hapa mpaka nimalize kazi, nawe ukimfuata nyuma na madaftari yako. Kiswahili nyumbani kilikuwa kimetushinda. Tunakusemesha, unatujibu kwa Kiarabu, na ukilazimishwa unasema “kitabu yangu”, “kiti yangu”, kila kitu “yangu”. Athumani akizima mashine, anakwambia, “Kitabu changu, Bibi Nasra. Ukisema kitabu yangu kitakununia, hakitafunguka.” Nawe ukicheka unarudia. Akakuazima kile kitabu cha hadithi cha darasa la nne, alichokuja nacho kutoka kwao kwa sababu kilikuwa cha mwanawe. Ukiweza leo kuisoma barua hii peke yako, bila ya kumwita mama yako akufasirie, basi ujue ni kazi ya mikono yake.

Sasa nikwambie nilivyomleta, maana hili hulijui. Wakati ule karakana ilikuwa imeshajaza idadi ya wageni niliyoruhusiwa, na mie nilitaka mtu wa mashine hii. Athumani alijifunza kazi kwenye kiwanda cha mkonge kwao, na sifa zake zilinifikia kwa watu wawili wasiojuana. Kibali cha fundi sikukipata. Lakini nilikuwa na mbuzi wangu kumi na tano Sinaw, kwa mjomba wako Khalfan, na mwenye mifugo hupewa kibali cha mchungaji. Basi nikamwombea hicho. Kwenye kadi yake ya ukaazi, pale penye mihna, yaani kazi ya mtu, pakaandikwa raai aghnam, mchunga mbuzi. Watu wengi walifanya hivyo, na mie nilijiona mjanja.

Mbuzi wenyewe aliwaona siku moja tu, ya kuamkia Idi, tulipokwenda kwa Khalfan kuchukua wa kuchinja. Yule beberu alimburura Athumani kutoka zizini mpaka kwenye gari, kilemba huku, kiatu kule, na watoto wa kibedui wanapiga makofi. Kisha Wabara wenzake wa hapa Firq walipoisikia khabari ya kadi hawakumwachia. Kwao mchungaji ni padri. Kila wakipita mlangoni: “Bwana asifiwe, Mchungaji!” Naye, ambaye alfajiri haikumpita msikitini hata siku moja, anawajibu, “Amina, toeni sadaka.” Tukicheka sote. Mie nikicheka kuliko wote, kwa kuwa mzaha ulinifaa.

Mwaka wa sita alikuja mezani kwangu asubuhi, ameshanawa mikono.

“Shikamoo, Mzee Seif. Nina shida ndogo.”

“Marahaba. Sema.”

Mwenzake mmoja, fundi wa Kifilipino aliyekuwa karakana ya jirani, alikwenda Australia na akamtaja kwa tajiri wake. Wanataka mkereza vyuma. Njia ni ile ile unayokwenda nayo wewe: kwanza viza ya kazi ya muda, ufanye kwa tajiri huyo huyo miaka miwili, kisha yeye mwenyewe akuombee ukaazi wa kudumu, wewe na mke na watoto. Athumani alikuwa na miaka arubaini na miwili, na kwa kuombewa ukaazi walimwambia mwisho ni arubaini na tano. Alikuwa ameshapiga hesabu yote. Ilimtosha, lakini haikuwa na nafasi ya kungoja mtu. Kilichobaki ni barua ya kazi kutoka kwangu, kwamba kwa miaka sita amekuwa akikereza vyuma. Alikuwa ameshaiandika kwa mkono, safi, mistari minane. Alitaka sahihi na muhuri.

Nikamwambia, “Weka hapo. Njoo Jumamosi.”

Jumamosi akaja. Nikamwambia muhuri uko nyumbani, njoo Jumamosi ijayo. Muhuri ulikuwa mtotoni mwa meza, ile droo inayogusa goti langu. Jumamosi ya tatu nikamwambia nina wageni. Ya nne hakuja mezani, alikuwa kwenye mashine anakereza mhimili wa pampu ya mtu wa Birkat, na mie nilimwendea mwenyewe, kwa sababu kule kunyamaza kwake kulinichoma. Mafundi wawili wengine walikuwepo.

“Athumani, kadi yako inasemaje?”

Aliendelea kukereza.

“Nakuuliza weye. Inasemaje?”

“Mchunga mbuzi, mzee.”

“Basi. Weye kwangu ni mchunga mbuzi. Nikikuandikia kuwa ni mkereza vyuma ntakuwa nimesema uongo, na mie sisemi uongo.”

Maneno hayo niliyasema kwa sauti, Nasra, nikitaka wale wawili wasikie. Athumani alizima mashine. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akasema, “Sawa, mzee.” Kisha akaiwasha tena akaumaliza mhimili wa watu, kwa sababu mwenye pampu aliahidiwa alasiri. Yule bwana alipokuja akaukuta tayari, umelingana hata ukucha haupiti, akanipa mkono akanisifu mie. Nikazipokea sifa.

Nimejitafutia udhuru kwa miaka. Nilijiambia naogopa faini, maana barua ile ingekuwa ni ushahidi wangu dhidi ya nafsi yangu kwamba nimemleta mtu kwa kazi moja nikamtumia kwa nyingine. Hofu hiyo ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo. Kubwa ni kwamba sikutaka aondoke, kazi yake ilikuwa ndiyo jina langu mjini. Na kubwa zaidi ya hiyo ni hili. Nilimwonea choyo. Niliona, mtu huyu nimemtoa mie Korogwe, nimempa mie kitanda, leo akakae nchi ambayo mie mwenyewe sijaiona, yeye na watoto wake, na huko aitwe fundi. Nilimwona yuko chini yangu na nikaona ndipo pake. Sikuwahi kulisema kwa mdomo, lakini ndivyo nilivyokuwa, na ningekuwa nimekufa leo ungenikumbuka kwa sura nyingine.

Tena fikiri ni mtoto wa nani aliyefanya hivyo. Babu yako alipofika nchi hii kutoka Unguja alikuwa na mke, sisi watoto wanne, na cheti cha kuzaliwa cha serikali iliyokwishaondoka. Kiarabu chake kilikuwa cha msikitini. Ili apate pasi ilibidi shekhe wa kabila letu amwandikie kwamba anamjua, na kwamba ni wao. Tukaenda Ibra, mie nimekaa juu ya magunia nyuma ya gari la watu. Shekhe hakuwa amemwona babu yako hata siku moja. Alimuuliza jina la babu wa babu yake na lile shamba la mitende lilikuwa la nani, akatikisa kichwa, akaandika, akagonga muhuri, kahawa haijapoa. Babu yako alilia njia nzima ya kurudi, mie sijui analilia nini. Kazi yangu, ardhi ya nyumba, pasi yako ya kesho, vyote vimetoka kwenye karatasi ile, aliyoiandika mtu ambaye angeweza kabisa kusema, njoo Jumamosi.

Athumani alikaa mpaka kibali chake kikaisha, hakunikosea adabu hata siku moja. Siku ya kuondoka alipita nyumbani kabla ya kwenda kupanda basi la Maskati. Nilimfungulia mie. Akaniuliza, “Bibi Nasra yupo? Nimekuja kumuaga.” Ulikuwa jikoni na mama yako, sauti yako inasikika mpaka mlangoni. Nikamwambia umelala. Alikusikia, Nasra, kama nilivyokusikia mie. Akainamisha kichwa, akaniachia salamu nikufikishie, akaondoka.

Jioni ukaniuliza mbona Athumani hayuko kazini. Nikasema, “Kakimbia.”

Unalijua neno hilo uzito wake nchini kwetu. Mfanyakazi akisemwa kakimbia huwa kama ameiba, jina lake hupelekwa ofisini na hufungiwa mlango wa kurudi. Ofisini sikumshitaki. Nilimshitaki kwako. Ukanambia, “Ma fihi kheri, hana kheri huyo, baba, na mimi nilimpenda,” ukaifuta namba yake mbele yangu, na kile kitabu cha hadithi ukakiweka nje pamoja na taka. Mie nikakaa nakutazama. Ulikuwa na miaka kumi na saba na ulikuwa unalia, na neno moja langu lingekunyamazisha, sikulisema.

Wiki iliyopita uliponipa mkataba wako niupitie, nilivaa miwani nikausoma wote, hata zile herufi ndogo. Nikafika penye mdhamini. Nikaona jina la mtu nisiyemjua limeandikwa mahali ambapo kwenye kadi ya Athumani palikuwa na jina langu. Miaka miwili utakuwa mikononi mwake. Akitaka atakuombea ukaazi, akitaka atakwambia njoo Jumamosi. Mama yako anaogopa baridi, shangazi yako anaogopa wanaume. Mie naogopa utakutana na mtu kama mie, mtu mpole, anayeswali, anayecheka na wafanyakazi wake.

Kwa hiyo nisikilize hapa tu, halafu sitakuusia tena. Tazama siku ya kwanza wameandika unafanya kazi gani, na kama si ile unayofanya, sema siku hiyo hiyo, hata wakicheka. Usikubali kugeuzwa mzaha. Athumani alicheka nasi miaka sita, na kile kicheko ndicho nilichokuja kumpigia nacho. Weka nakala ya kila karatasi. Na mtu akikuahirisha mara ya pili, jua ameshaamua, anaona haya tu kukwambia. Nenda kwa mwingine. Nazijua hila hizi kwa kuwa ni zangu.

Jumanne iliyopita nilimpigia simu. Namba yake niliipata kwa wale wale Wabara, ambao bado wanamwita Mchungaji. Yuko Korogwe, anatengeneza mashine za kusaga unga. Nilimtajia jina langu nikangoja anikatie.

“Mzee Seif! Shikamoo. Mko salama huko?”

Nikamwambia nimepiga kuomba msamaha, na kwamba ile barua nataka kuiandika.

“Mzee, nina hamsini na moja sasa. Hiyo barua nitampelekea nani?”

Nilikuwa nimesimama uani, mama yako ananitazama dirishani.

“Lakini iandike,” akasema. “Nakala ya ile kadi ninayo. Watoto waliikuta, yule mkubwa akampelekea mwalimu wa madrasa aisome. Wanajua baba yao alikuwa Uarabuni anachunga mbuzi. Nikiwaambia nilikuwa fundi wananicheka kwa adabu. Iandike kwa Kiswahili, mzee, waisome wenyewe.”

Kisha akaniuliza, “Na Bibi Nasra? Kitabu bado kinamnunia? Zile salamu zangu alizipata?”

Nikasema, “Alizipata.”

Simu ile ile ya kuomba msamaha, Nasra. Sijamaliza kusema nisamehe, nimemdanganya tena. Naona haya kiasi ambacho sijui nifanye nini na uso wangu, na ndiyo maana nimekuja kujifungia na vyuma.

Barua yake nimeimaliza, iko ndani ya bahasha hii pamoja na yako. Ni ile ile mistari minane, niliikumbuka karibu yote. Nimeandika kuwa Athumani alikuwa fundi wangu wa kukereza vyuma kwa miaka sita, kwamba kadi yake ilisema vingine kwa kosa langu, na kwamba mbuzi hakuwachunga hata siku moja. Wino wa muhuri ulikuwa umekauka, nimeugonga mara tatu ndipo ukakubali. Kazi yote imenichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Nakuomba uisome, urekebishe penye makosa, maana Kiswahili chako amekifundisha yeye na changu kimekwisha kuchanganyika. Kisha umpelekee wewe. Namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Ukimpigia mwambie kweli, kwamba salamu hazikukufikia, na nani aliyezizuia.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii chini ya sanduku, uikute huko, mie niko mbali. Nimeghairi. Hiyo ingekuwa ni njoo Jumamosi nyingine. Nitakupa mkononi leo baada ya magharibi, nami nitakaa uani. Ukija kunigombeza nipo. Usipokuja, kesho nitakupeleka uwanja wa ndege vile vile, na njia nzima sitakuuliza kitu.

Pamoja na bahasha utaona kitabu. Nilikiokota siku ile kutoka kwenye taka, kimekaa mtotoni mwa meza pamoja na muhuri tangu hapo. Na salamu zako ni hizi, kama alivyoniachia mlangoni, sikuongeza wala sikupunguza:

“Mwambie Bibi Nasra nilikuja. Na kile kitabu changu alichoazima, mwambie sasa ni chake.”

Babako,
Seif